Siku Nilipomnyang'anya Apolinaria Mwiko

Ndugu zangu wa Itetemia, na nyie wa Tabora mjini mnaotupita na baiskeli mkidhani huku ni mashamba tu, egesheni kidogo mnisikilize. Mnanijua kwa uongo, nami sikatai. Miaka thelathini na moja nilikuwa kwenye gengi la kukarabati njia ya reli, na mtu anayeshinda juani akigonga mataruma asipojitungia uongo kidogo ataanza kuzungumza na nyundo. Lakini hili la leo ni kweli. Palipo na uongo nitapaonyesha kwa kidole, maana uongo huo ndio ulioleta balaa.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa kumi, mvua bado. Msitu ulioko nyuma ya mashamba yetu ulikuwa umetoa majani mapya mekundu, yale ambayo miti ya miombo huyatoa katikati ya ukame bila kungoja tone la maji. Nimeyaona miaka yote tangu nihamie huku, na kila mwaka nikiyaona navua kofia. Mti unajuaje kwamba mvua iko njiani? Nani anauambia? Nyuki walikuwa wametua kwenye ukingo wa ndoo yangu, wanakunywa kwa zamu, hawasukumani. Upande wa pili wa ua wa minyaa jirani yangu Apolinaria alikuwa anafagia, na kwenye mafiga yake michembe ilikuwa inachemka. Harufu tamu ya viazi vikavu ilinifikia mimi niliyekunywa chai ya rangi peke yake.

"Shikamoo, mtani," alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba, mpagazi. Michembe yako inanitukana."

"Lete bakuli. Mzaramo hajawahi kuona haya ya kuomba."

Tukacheka kama kawaida yetu. Kisha nikaona ufagio umesimama hewani. Alisimama hivyo, mkono juu, macho kwenye ukuta, kwa muda ambao treni ya mizigo ya mabehewa ishirini ingeweza kupita yote. Nikamwita. Hakusikia. Nikamwita tena.

"Mzee Mustafa," akasema taratibu, "hivi jana tulimzika nani?"

"Jana hatukuzika mtu, mama."

"Eti?"

"Jana ilikuwa Jumatano. Ulishinda shambani."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akaendelea kufagia mahali palepale alipokwisha kufagia. Kuku wake walikuwa wamesimama pembeni wakimtazama, hawali. Nilipochungulia juu ya ua nikaona kwa nini. Alikuwa amewamwagia chumvi.

Hapo ndipo utulivu wa asubuhi ile uliponitoka, na haukunirudia kwa wiki nzima.

Sasa niwaeleze sisi ni nani. Mimi ni Mzaramo. Reli ndiyo iliyonileta Tabora, na nilipostaafu nikaona sina ninachokidai pwani, nikajenga hapa. Apolinaria ni Mnyamwezi wa kuzaliwa hapahapa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakipita kwa babu zetu na mizigo begani kuelekea pwani. Kwa utani huo naweza kuingia jikoni kwake nikafunua sufuria, naye anaweza kunitangaza sokoni kwamba sijaoga tangu gavana wa Kijerumani aondoke, na hakuna wa kukasirika. Vijana wa siku hizi wanaona huu ni mchezo. Si mchezo. Utani ni kazi, na nyakati nyingine ni kazi nzito kuliko kugonga mataruma.

Na huu hapa uongo, nauonyesha kwa kidole kama nilivyoahidi.

Nilipohamia, nilimkuta Apolinaria akibeba gunia la mahindi kichwani, mtoto mgongoni, na ndoo mkononi, anatembea anaimba. Nikastaajabu. Jioni ile, mbele ya watu, nikatunga. Nikasema huyu mama damu yake naijua, babu yangu alinisimulia. Bibi yake mkubwa alikuwa mpagazi, alibeba pembe ya tembo kutoka Tabora hadi Bagamoyo, miezi mitatu, na hakuitua hata mara moja. Alilala amesimama. Simba alitokea njiani akamtazama, akaona haya, akamwongozea njia hadi alipochoka simba mwenyewe. Kufika Mpwapwa akashikwa na uchungu, akajifungua akitembea, akamweka mtoto juu ya pembe akaendelea. Walipofika pwani Mwarabu alitaka kuchukua pembe yake ikagoma, imeota mizizi begani.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Apolinaria alicheka kuliko wote. Tangu siku ile akaitwa Mpagazi, na neno la uongo wangu lililobaki midomoni mwa watu likawa moja: hakutua.

Mtaona ni mzaha mdogo. Na mimi nilijua hivyo. Lakini tazameni neno hilo lilivyofanya kazi. Kulipokuwa na msiba, nani atapika? Mwiteni Mpagazi, yule hachoki. Ugeni wa Jumuiya ya kanisani, Mpagazi. Mgonjwa wa kukesha naye hospitali, Mpagazi. Mama mkwe wake alipopooza, miaka minne sasa amekuwa akimgeuza peke yake kitandani, na wifi zake watatu wakija kusalimia wanasema, "Wifi, wewe Mungu alikupa mgongo wa peke yake," wanakula, wanaondoka. Mumewe, Xavery, ni mfuga nyuki. Ni mtu mpole, mwenye mikono yenye harufu ya nta. Siku za kurina asali anakaa kambini msituni wiki tatu, nne, na akirudi anakuta nyumba imesimama, watoto wamekwenda shule, mama yake ni msafi. Yeye aliona muujiza na akaushukuru kama mtu anavyoshukuru mvua. Hakuuliza unatoka wapi.

Mwaka juzi akafa Bernadeta, dada yake Apolinaria. Hawa wawili walifuatana kuzaliwa, walilala kitanda kimoja hadi walipoolewa, na waliolewa mwaka mmoja. Bernadeta aliugua siku tano.

Msibani wanawake waliketi kwenye mikeka, wanalia, wanashikana. Mfiwa mkubwa hakuwepo mkekani. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mafiga matatu ya mawe, anasonga ugali wa watu mia mbili. Alianza kwa kusema anaonyesha tu wengine vipimo vya maji. Kisha mtu akasema hakuna anayejua kusonga sufuria lile kubwa kama yeye, na ni kweli, hakuna aliyewahi kujaribu. Akashika mwiko wake, ule mrefu wa mninga aliochongewa na Xavery, unaofanana na kasia, na hakuuacha siku tatu.

Na mimi mtani, kwa kuwa kazi ya mtani msibani ni kuchekesha, nikasimama pale kwenye moshi nikapaza sauti: "Mnamwona? Hata kwa ndugu yake, hatui."

Watu wakacheka. Apolinaria akaniangalia, akainua mwiko kidogo kama askari anayepiga saluti, akaendelea. Nimeyakumbuka macho yale mara nyingi. Siku ile niliyaona ya ujasiri nikajisifu moyoni. Nilikuwa naangalia mtu anayezama, nami nampigia makofi.

Basi, turudi kwenye chumvi ya kuku.

Siku ya pili nilimwita kwenye ua. Mimi mwenyewe habari za kukosa usingizi nazijua. Nilipostaafu, miezi mitatu nilikuwa nikifumba macho nasikia treni ambayo haipo. Mwili ulikuwa umezoea kuamka kwa ajili ya reli, na reli haikunihitaji tena. Niliona aibu kusema. Nilidhani mwanaume wa gengi hawezi kwenda zahanati kusema anaogopa ukimya. Binti yangu Shamimu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenikamata mkono. Kwa hiyo nilijua dalili.

"Mama, unalala?"

"Nalala."

"Saa ngapi?"

Akaanza kung'oa jani la mnyaa, kisha akakumbuka utomvu wake unachoma, akaacha. "Usingizi ulinihama siku nyingi, mzee. Nikifumba macho naona sufuria linaungua na watu wamekaa wanangoja. Halafu kuna kitu kinapiga sikioni, kama mtu anayetwanga mbali."

"Kichwa?"

"Huku nyuma. Kama nimefungwa kamba."

"Twende kwa Shamimu akupime presha. Ni hapa tu, dakika kumi."

"Nikipata nafasi."

"Utaipata lini?"

Akacheka, akanitupia maneno yangu mwenyewe. "Mtani, si wewe uliyesema? Mpagazi hatui."

Sijawahi kupigwa na nyundo kichwani, lakini sasa nadhani najua inavyokuwa. Maneno niliyoyatunga kwa ajili ya kicheko yalikuwa yamekaa ndani ya mtu, yamefunga mlango, na yana ufunguo.

Xavery alirudi Ijumaa na ndoo mbili za asali. Nikamfuata. Nikamwambia mkeo hayuko sawa, haelewi siku, halali. Akanisikiliza kwa adabu, akanipa kipande cha sega.

"Mzee wangu, mke wangu ndivyo alivyo. Hachoki yule. Nikimwambia apumzike anakasirika."

"Umemwambia mara ngapi?"

Akafikiri kweli, maana si mtu wa kudanganya. "Mara moja," akasema. "Nadhani ilikuwa mwaka wa kwanza."

Ndugu zangu, simameni nami hapa kidogo, msimfanye Xavery kuwa mtu mbaya. Mtu huyu huyu anajua kwamba mzinga ukirinwa wote, nyuki wanahama. Humwoni akimaliza asali. Daima anaacha masega, kwa heshima, nyuki wapate kula. Anajua kusikiliza mlio wa mzinga akiwa hatua kumi akakwambia humo ndani mna njaa. Hayo yote anayajua kwa nyuki. Nyumbani hakuwahi kuweka sikio.

Jumatatu asubuhi akafariki Mzee Mhoja, jirani yetu wa tatu, kwa uzee wake. Saa tatu mafiga yalikuwa yamewekwa, na msichana akatumwa kwa Apolinaria kabla hata ya kutumwa kwa katekista.

Nilifika saa tano. Wanaume chini ya turubai, wanawake ndani na barazani kwenye mikeka. Nikapita nyuma. Moto ulikuwa mkubwa, sufuria lile kubwa linachemka, na Apolinaria amesimama juu yake kwenye moshi, anasonga kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umevimba na kubadilika rangi. Akatoa ncha ya kanga akajifuta pua. Kanga ilikuwa ya njano. Ilipotoka puani ilikuwa na doa jekundu kama lile jani jipya la miombo. Akaitazama, akaikunja doa likaingia ndani, akaendelea kusonga.

Magreth, jirani yetu, alikuwa karibu anapepeta mchele. Aliliona doa. Nami nikamwona akiliona. Akasema, "Pole, Mpagazi," na akaendelea kupepeta.

Hatukuwa watu wabaya. Nalisema hili kwa sababu ndilo linalonitisha zaidi. Tulikuwa watu wazuri, watu wa kanisani na wa msikitini, tumekuja kuzika. Na tulikuwa tunamtazama mtu akifa kwa miguu yake huku tunangoja chakula.

Nikaingia kati. Nikanyoosha mkono nikaukamata mwiko.

Apolinaria akashtuka. "Mtani, uache, ugali utaungua."

"Umekamatwa," nikasema.

Mnaojua utani mnajua. Mtani akikamata kitu msibani, iwe jembe, jeneza, au sanduku la nguo za marehemu, hakuna mtu wa kukitoa mkononi mwake hadi kikombolewe. Nimewahi kuona mtani akilala ndani ya kaburi, waombolezaji na padre wanamngoja. Kwa hiyo nikauvuta mwiko, nikaukumbatia, na kwa miaka yangu sabini na mbili nikajilaza chali juu ya majivu, kati ya kuni na mafiga, mahali ambapo hawezi kuchochea moto bila kunikanyaga.

Wanawake wakaanza kucheka. Wanaume wakaja kuona. "Mzaramo kalala," mtu akasema. "Mpeni kuku aondoke."

"Kuku sitaki," nikasema nikiwa chini. "Pombe sinywi. Shilingi wekeni. Nataka Apolinaria aketi."

"Aketi wapi?"

"Mkekani. Na wafiwa. Na Shamimu ampime presha."

Kicheko kikapungua. Apolinaria alisimama juu yangu, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona hasira.

"Mzee, huu si utani. Watu watakula nini?"

"Sijui."

"Nani atasonga?"

"Sijui, mama. Labda hatutakula."

"Mimi ndiye ninayesonga. Kila mtu anajua. Wewe mwenyewe..." Akaninyooshea kidole. "Wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

Hapo nikakaa kitako, majivu masikioni. Nikasema kwa sauti ya kawaida, lakini kila mtu alisikia.

"Nilisema uongo. Sikusimuliwa na babu yangu. Nilitunga siku ileile nikikuona na gunia. Babu yangu aliyoyasimulia ni mengine. Alisema Wanyamwezi walipokuwa wakipita kwetu kulikuwa na mtu wa mbele na ngoma yake, na ngoma ikilia kwa namna fulani, watu mia tatu wanatua pamoja. Wanaegemeza mizigo kwenye miti, wanakaa, wanapika, wanalala. Na mzigo ukizidi waliukataa, na tajiri akipiga kelele walikaa chini wakamtazama. Ndiyo maana walifika. Bibi yako alitua, mama. Alitua kila siku. Asingetua, wewe usingezaliwa."

Apolinaria akajifuta jasho. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Nilijua ni uongo."

"Ulijua?"

"Toka siku ya kwanza. Simba anaona haya?" Akatabasamu kidogo. "Lakini ulikuwa uongo mzuri. Nilipenda kuwa huyo mtu. Nikiwa mimi tu, nani angenitazama?"

Ugali ulianza kutoa harufu ya kuungua, na hakuna aliyeusogelea. Kisha Magreth akaweka ungo chini, akaja, akaokota mti mmoja wa kuni ulio mnyofu, akaukwangua gamba kwa kisu, akautumbukiza kwenye sufuria.

"Sijawahi kusonga wa watu wengi hivi," akasema.

"Leo utasonga," mwenzake akajibu. "Ukiwa mbaya tutakula mbaya."

Xavery alikuwa amefika nyuma ya watu. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alikuja akamshika mkewe kiwiko, kama anavyoshika mzinga, kwa vidole vyote bila kubana, akamwongoza barazani. Wanawake wakasogea. Apolinaria akapiga magoti, akaketi, akanyoosha miguu.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo ninapokosa maneno, mimi ambaye sijawahi kuyakosa.

Alipoketi tu, pumzi ilimtoka ndefu, ndefu kuliko nilivyojua kifua cha mtu kinaweza kuhifadhi. Nadhani ilikuwa ya miaka miwili. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Bernadeta." Akasema tena. Na akalia. Hakulia kama watu wanavyolia msibani, kwa maneno na sifa. Alilia kama mvua ya kwanza ya Novemba inavyoanguka kwenye mabati, yote kwa pamoja, hadi wanaume tulioko nje tukavua kofia bila kuambiana. Binti za Mzee Mhoja, wenye msiba wao, walimzunguka wakamlaza kichwa mapajani. Tuliwalia Mhoja na Bernadeta siku moja, na naapa hakuna marehemu aliyenyimwa kitu.

Shamimu alifika na mashine yake. Akamfunga mkono, akapima. Akapima tena mkono wa pili. Mimi namjua mwanangu. Alipokunja mpira ule taratibu kupita kiasi, nilijua.

"Baba, tafuta bajaji."

"Ngapi?"

"Juu mia mbili na kumi na mbili. Chini mia moja ishirini na nne. Sielewi alikuwa amesimamaje."

Hata hospitali mjini walisema hivyohivyo. Mganga, kijana mpole mwenye miwani, alimwambia Xavery kwamba mshipa wa kichwani ungeweza kupasuka saa yoyote, pengine siku hiyohiyo. Wakampa dawa, wakashusha presha pole pole, wakamlaza. Na pale wodini, saa nane mchana, jua linawaka, watoto wa wengine wanapiga kelele, Apolinaria akalala.

Nilikwenda kumwona kesho yake, amelala. Keshokutwa, wanamwamsha kwa dawa na uji, anarudi kulala. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama. Nimesoma mahali kwamba moyo wa mtu hupiga kama mara laki moja kwa siku. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, mengine nimejisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua, lakini hesabu hiyo niliirudia mwenyewe kwa saa ya ukutani na vidole kwenye mkono wangu, ikatoka. Laki moja, bila likizo hata ya Idi wala Krismasi. Nikatazama kifua chake kikipanda na kushuka, na nikaona kwamba miujiza yote niliyowahi kuitunga, simba mwenye haya, pembe yenye mizizi, ilikuwa midogo. Huu hapa mkubwa ulikuwa unapumua mbele yangu, nasi tulikuwa tumeufanya punda.

Amepona, na ni mgonjwa bado. Yote mawili. Kila asubuhi anameza vidonge, Xavery anamwekea maji kando. Chumvi ya kwenye mboga wameipunguza wote. Kila mwezi anakwenda kliniki, na hapo kuna mama mmoja ambaye kazi yake ni kumsikiliza tu, wanazungumza habari za Bernadeta, na siku nyingine anatoka amelia, siku nyingine amecheka. Kuna usiku usingizi haumjii. Wifi zake wamepangiana zamu kwa mama mkwe, ingawa mmoja analalamika mgongo.

Ugali wa Magreth siku ile ulikuwa na madonge na harufu ya moshi. Marehemu peke yake ndiye ambaye hakulalamika. Lakini watu walikula, na kwenye msiba uliofuata mwenzake alisonga ukawa na nafuu. Wanawake wamekubaliana wenyewe, bila mtu wa kuwaandikia: mfiwa haguswi na kazi ya jikoni, hata akiomba. Na katikati ya shughuli mtani wa zamu anagonga debe tupu, na kila anayepika anaacha, anaketi, anakunywa maji. Wanauita mlio huo ngoma ya mbele. Niliposikia mara ya kwanza nilijifanya moshi umeniingia machoni.

FUNZO

Ndugu zangu, mtu mnayemsifu kwamba hachoki, mwangalieni. Sifa ya namna hiyo ni mzigo wa juu ya mzigo, na mbaya zaidi ni mzigo ambao mwenyewe anaupenda. Msiulize tu nani atapika. Ulizeni aliyepika jana amelala saa ngapi. Presha haina uso. Inakaa kwa mtu anayeimba. Pimeni, wenye miaka arobaini na kuendelea, hata kama hamuumwi popote, hata kama mmebeba gunia. Na huzuni nayo ina haki yake. Usipoipa mkeka ikakaa, itatafuta mahali pengine pa kukaa, na itachagua mshipa. Nanyi wenye midomo kama yangu, mtunge mnachotaka, lakini mtazame hadithi yenu inakwenda kulala ndani ya nani.

Wewe mwenyewe unayenisikiliza hapo ulipo: weka vidole kwenye mkono wako, chini ya kidole gumba, uhesabu hadi ishirini. Huyo anayegonga ndani hajawahi kukuomba ruhusa ya kupumzika. Unaweza kumpa kwa hiari yako.

Mwiko wa mninga bado uko kwangu, umesimama nyuma ya mlango. Apolinaria aliukomboa nusu tu alipoketi, nikamwambia nusu nyingine ni mwaka mzima wa kulala. Jana alikuja kwenye ua na bakuli la michembe.

"Mtani, nirudishie mwiko wangu."

"Imebaki miezi minne."

"Basi nitungie uongo mwingine. Ule wa zamani umeharibika."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia babu yangu alinisimulia habari za bibi mkubwa wa Apolinaria, mpagazi mwanamke, ambaye siku moja ngoma ya mbele ilipolia alitua pembe yake, akajilaza kwenye majani mekundu ya miombo, akalala usingizi mzito hadi msafara mzima ukaogopa kumwamsha. Mito ilipunguza sauti. Nyuki walikunywa kwa zamu. Na yule simba, aliyekuwa akimfuata tangu Tabora akisubiri achoke, alimtazama akipumua, akakaa chini, akaweka kichwa juu ya miguu yake, akalala na yeye.

"Huo," Apolinaria akasema, akipiga mwayo mkubwa bila kuziba mdomo, "nausadiki."